Majedwali Matatu na Kuku wa Mama

Mwiba wa kujidunga, walisema wahenga, hauambiwi pole. Kwa sababu hiyo siandiki makala haya ili nipewe pole. Ninayaandika kwa kuwa mnamo mwaka 2023 mama yangu aliuza kuku wake wote, kumi na wanne kwa jumla, kwa ajili ya picha niliyoichora mimi mwenyewe. Ilikuwa picha ya kupendeza macho, iliyojaa rangi, na ilikuwa ya uongo. Msomaji huenda akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili na picha za sayansi, wapi na wapi? Swali hilo ndilo ninalonuia kulijibu.

Kwetu ni Dandora, katika ile sehemu ambayo wenyeji huiita Fezi Foo. Mtaa huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa kiwanja chenye choo na maji, kisha akajijengea vyumba kadiri ya uwezo wake. Ndiyo maana hadi leo ploti nyingi zina ua mmoja wa katikati, mfereji mmoja na wapangaji wengi. Katika ua wetu tulikuwa familia saba. Baina ya choo na ukuta wa nyuma, mama alikuwa na banda la kuku. Wapangaji walimwita Mama Mayai, naye hakulichukia jina hilo. Mayai hayo yalininunulia sare za shule, yakamlipia karo dada yangu mkubwa, na siku za dhiki yakawa ndiyo kitoweo.

Mwaka huo kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka tisa, alianza kuharisha. Alipona, akaugua tena, akapona, akaugua tena. Mara mbili tulimnunulia dawa dukani bila ya kumpeleka kupimwa. Mara ya tatu dawa ile ile haikufua dafu. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Hakuna aliyemkabili mama ana kwa ana, lakini katika ua wa familia saba mnong'ono hauhitaji miguu ili umfikie anayenong'onwa. Kuku ndio waliolaumiwa.

Wakati huo dada yangu alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika bioinformatikia, taaluma inayotumia tarakilishi kuzichunguza data za viumbe. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu, mwanafunzi wa Kiswahili na Jiografia, mwenye muda mwingi na kazi kidogo. Dada alikuwa amepewa zoezi lililoigwa kutokana na utafiti halisi uliofanyiwa jijini mwetu, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka, aliniomba nimsaidie kusafisha majedwali yake.

Utafiti huo uliendeshwa chini ya mradi ulioitwa UrbanZoo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022 na Dishon Muloi pamoja na wenzake katika jarida la Nature Microbiology. Watafiti walizitembelea nyumba 99 kote Nairobi, wakachukua sampuli za kinyesi kutoka kwa watu, mifugo na wanyamapori wanaoishi karibu na makazi. Katika sampuli hizo walitafuta bakteria mmoja tu, Escherichia coli, ambaye huishi katika matumbo yetu sote, mara nyingi bila ya kutudhuru. Kisha wakasoma jenomu nzima ya bakteria 1,338. Jenomu ni maandishi ya urithi wa kiumbe, na kwa bakteria huyu ni mlolongo wa herufi zipatazo milioni tano. Swali lao lilikuwa karibu sawa na lile lililonong'onwa uani kwetu: je, bakteria hawa, pamoja na usugu wao dhidi ya dawa, huhama kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu, au kutoka nyumba moja hadi nyingine?

Zoezi la dada lilikuwa dogo zaidi, sampuli mia mbili hivi, lakini umbo lake lilikuwa lilo hilo. Kulikuwa na majedwali matatu. La kwanza lilieleza nyumba: iko mtaa gani, ina watu wangapi, inafuga nini. La pili lilieleza kila sampuli ilitoka kwa nani: mtu, kuku, mbuzi au panya. La tatu lilitokana na jenomu: bakteria huyu ana undugu na yupi, na amebeba jeni zipi za usugu. Kila jedwali lilisema kweli, lakini kila moja lilisema nusu ya neno. Kazi ilikuwa kuyaunganisha matatu hayo yawe kitu kimoja, kisha kukichora kitu hicho ili jicho lione kile ambacho tarakimu zinaficha.

Nilidhani kwamba ugumu ungekuwa katika jenomu. Haukuwa huko. Ugumu ulikuwa katika majina. Nyumba ya saba iliandikwa N07 katika jedwali la kwanza, n7 katika la pili, na N-007 katika la tatu. Kariobangi Kusini iliandikwa kwa njia nne. Tarakilishi haina huruma ya mwalimu anayesahihisha insha, kwani kwake N07 na n7 ni nyumba mbili zilizo mbalimbali. Dada alinisimulia kwamba hata wanasayansi wakubwa wamesumbuliwa na jambo hili. Programu za lahajedwali zilizoea kuyageuza majina ya baadhi ya jeni za binadamu, kwa mfano SEPT1, yakawa tarehe ya Septemba 1, hadi kamati ya kimataifa inayosimamia majina hayo ikaamua kuyabadilisha kadhaa na kutangaza mwongozo mpya mwaka 2020.

"Kila sampuli inapaswa kuwa na ufunguo mmoja," dada aliniambia, "na ufunguo huo uandikwe vilevile kila mahali. Ukipotea ufunguo, ndugu yangu, huna data tena. Una orodha tatu tu zilizolala pamoja."

Maneno hayo yalinikumbusha somo la mwaka wa kwanza. Tunaposema "kitabu changu kile kidogo kimepotea", kila neno limebeba alama ya kitabu. Hata maneno hayo yakitenganishwa na sentensi ndefu, msikilizaji anajua yanamhusu nani, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi umeyafunga kwa uzi mmoja. Ufunguo wa sampuli ni upatanisho huo. Nililielewa jambo hili papo hapo, nikafurahi, nikamweleza dada, naye akacheka. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kutii ni kitu kingine.

Usiku wa siku ya tatu nilichoka. Zilisalia sampuli nyingi ambazo majina yake hayakulingana. Nikatazama majedwali mawili, nikaona yamepangwa kwa utaratibu mmoja, nyumba kwa nyumba. Nikajiambia: kwa nini nihangaike na ufunguo? Nikainakili safu nzima inayoonyesha sampuli ilitoka kwa nani, nikaibandika kando ya jedwali la jenomu. Sikujua kwamba jioni ile nilikuwa nimefuta mstari mmoja mtupu katika jedwali moja na kuuacha katika jingine. Kwa hiyo, kuanzia mstari wa kumi na tisa, kila kitu kilishuka hatua moja. Bakteria wa mtoto akapewa jina la kuku. Bakteria wa kuku akapewa jina la mbuzi. Hakuna kengele iliyolia. Jedwali lililokosewa kwa mstari mmoja halina sura ya jedwali lililokosewa.

Nikachora. Programu ilinipa mti wa nasaba wa bakteria wote, nao nikauzungushia rangi: buluu kwa binadamu, manjano kwa kuku, kijani kwa mbuzi. Nilipoutazama nilishikwa na bumbuazi. Karibu kila tawi lilikuwa na buluu na manjano zikiwa bega kwa bega. Bakteria mmoja katika mtu, ndugu yake wa toka nitoke katika kuku wa nyumba hiyo hiyo. Nikaona nimegundua jambo.

Dada alikuwa amelala. Mama alikuwa macho, akimkanda mdogo wangu tumbo. Nilimpelekea tarakilishi kitandani, nikamwonyesha.

"Hii buluu ni watu, Mama. Hii manjano ni kuku."

Mama alitazama kwa muda mrefu. Hakujua mti wa nasaba ni nini, lakini rangi mbili zilizokaa pamoja hazihitaji shahada. Aliniuliza swali moja tu: "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Asubuhi alimwita mfanyabiashara wa kuku anayeuza katika Soko la Burma. Mtu yule alipoona kwamba mama ana haraka, alitaja bei yake, na mama hakubishana. Kufikia saa nne banda lilikuwa tupu. Jirani mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba heri imefanyika.

Dada ndiye aliyegundua kosa, wala si kwa ujuzi mkubwa. Aliniuliza kwanza kama nilikagua. Nikamwuliza maana ya kukagua. Akachagua sampuli moja kiholela, akaifuata kwa kidole kutoka jedwali hadi jedwali. Picha ilisema kwamba sampuli ile ilitoka kwa kuku. Jedwali la nyumba lilisema kwamba nyumba ile haifugi mnyama yeyote. Akachagua ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu nilimwomba asinisomee.

Tuliyaunganisha upya majedwali, safari hii kwa ufunguo, na sampuli zisizo na ufunguo tukaziweka kando badala ya kuzikisia. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Picha mpya haikuwa ya kushangaza kama ile ya kwanza. Matawi yalijipanga hasa kwa nyumba: waliokaa nyumba moja walielekea kuwa na bakteria wenye undugu. Yalijipanga pia kwa aina ya kiumbe, watu na watu, kuku na kuku. Mahali ambapo buluu na manjano zilikutana palikuwapo, lakini palikuwa pachache. Zoezi ni zoezi tu, na halithibitishi chochote kwa dunia. Hata hivyo, utafiti wenyewe wa mwaka 2022 ulifikia hitimisho la namna hiyo: kwamba nyumba na aina ya kiumbe ndivyo vinavyoamua zaidi nani ana bakteria gani, na kwamba kupokezana baina ya watu na wanyama kupo ila hutokea mara chache zaidi. Kuhusu jeni za usugu, mpangilio wake ulikuwa tofauti, jambo ambalo watafiti waliona linaafikiana na matumizi ya dawa zilezile. Nilipoisoma sehemu hiyo nilikumbuka dawa tulizonunua dukani bila ya kupima.

Aidha, kulikuwa na kosa la pili, kubwa kuliko la mstari mmoja. Hata kama picha yangu ya kwanza ingekuwa sahihi, ua wetu haukuwa ndani yake. Hakuna aliyempima mdogo wangu wala kuku wa mama. Nilichukua habari za zoezi la darasani nikazitolea hukumu nyumbani kwangu.

Kumweleza mama kulikuwa kugumu kuliko hesabu yoyote. Nilitarajia hasira. Badala yake aliomba aone hiyo picha mpya, na aione kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa maelezo kwa Kiingereza. Hapo ndipo Kiswahili changu kilipoitwa kazini kwa mara ya kwanza. Mchoro wa data, kama ramani, una ufunguo wake, yaani kile kisanduku kinachoeleza kila rangi na kila alama. Nilikaa kukitafsiri kisanduku hicho nikiwa na kamusi mkononi.

Kiumbe anayebeba bakteria nilimwita "mwenyeji", kama vitabu vinavyofanya. Mama aliposoma akauliza, "Mwenyeji wa wapi? Mwenye nyumba?" Swali lilikuwa halali, maana kulikuwa na safu nyingine ya nyumba. Nikajaribu "mbebaji", akaniuliza amebeba nini. Hatimaye akasema, "Si mnataka kujua wadudu hao wametoka katika tumbo la nani? Basi andikeni hivyo." Tukaandika "Tumbo la nani". Dada alikubali kwamba hajawahi kuona kichwa cha safu kilicho wazi kama hicho. Mti wa nasaba haukumsumbua mama hata kidogo. Alisema hayo ni mambo ya ukoo: walio kwenye tawi moja wana babu mmoja wa karibu. Aliniuliza tu kwa nini mti wetu umelazwa ubavu.

Kisha akauliza swali ambalo bado linanirudia. Akipitisha kidole juu ya kisanduku kile, rangi kwa rangi, alisema, "Nimeona watu. Nimeona kuku, mbuzi na nyumba. Na mfereji uko wapi hapa?"

Haukuwapo. Katika majedwali yetu matatu hapakuwa na safu ya maji. Uani kwetu maji yalikuja kwa mgao. Siku yasipokuja tulinunua mitungi kutoka kwa mikokoteni, bila ya kuuliza ilijazwa wapi. Mama alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyeinunua mitungi. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka alama za vifo vya kipindupindu juu ya ramani ya mtaa wa Soho, London, akaona zimesongamana kuizunguka pampu moja ya maji. Sisi hukisoma kisa hicho katika Jiografia kama ushindi wa ramani. Lakini Snow alikwenda pia mlango kwa mlango akiuliza watu walichota maji wapi, na aliwajua wafanyakazi wa kiwanda cha pombe waliosalimika. Ramani ilionyesha kile alichokuwa amekwisha kukiuliza. Picha haiwezi kuonyesha safu ambayo hakuna aliyeijaza.

Niliporudi chuoni nilikutana na somo lilo hilo mahali nisipolitarajia, katika mjadala kuhusu asili ya Waswahili. Mwaka huohuo wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambao Chapurukha Kusimba na David Reich walikuwa miongoni mwa waandishi wake. Watafiti walichunguza DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi. Katika wengi wa watu wa pwani walikuta asili ya Kiafrika iliyopitia hasa kwa wanawake, na asili ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, iliyopitia hasa kwa wanaume, na kwamba mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Wenzangu walianza kutupiana maneno, huyu akisema sarufi yetu ni ya Kibantu na basi, yule akisema masimulizi ya Kilwa yametetewa. Mimi niliyaona majedwali matatu. Sarufi inaeleza watoto walilelewa kwa lugha ya nani. Masimulizi yanaeleza watu walijitambuaje. DNA inaeleza nani alizaa na nani. Hakuna moja linaloweza kujibu swali la jingine. Kinachoyaunganisha ni ufunguo: kaburi lile, mji ule, karne ile. Na waliozikwa katika makaburi hayo si Waswahili wote, kama vile nyumba 99 si Nairobi yote. Nilisema hivyo, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kuuza kuku wa mama yake.

Sasa nalijibu swali la mwanzoni. Nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya kuunganisha data za viumbe ni kazi ya majina: kukubaliana kitu hiki kinaitwaje, kukiita hivyo kila mahali, na kueleza kwa anayehusika kwa maneno yasiyompoteza. Wanaisimu na wanafasihi tunafundishwa kazi hiyo kila siku, kisha tunadhani ni ya darasani tu. Istilahi tunazozibuni katika makongamano hazina budi kupita uani, zikutane na mtu kama mama yangu, aziulize "mwenyeji wa wapi?" Itakayoshindwa kujibu irudi kwenye meza.

Mdogo wangu tulimpeleka kupimwa, akapewa dawa iliyomfaa. Maji tukaanza kuyachemsha, yote, ya mfereji na ya mitungi. Hajaugua tena kwa namna ile, lakini sitadai kwamba najua ni kwa sababu ya lipi kati ya hayo, kwa kuwa tuliyafanya yote kwa wakati mmoja na hatukuandika chochote. Mama alinunua kuku wengine sita, akalihamishia banda upande wa pili, mbali na mfereji. Mimi nilichangia wawili kutoka katika fedha zangu za matumizi. Dada alipowasilisha zoezi lake, alikibakiza kile kichwa cha safu kwa Kiswahili. Mhadhiri wake alimwuliza maana yake, naye akamtafsiria: tumbo la nani.